Mbwa wako akianza kuchimba, angalia themomita

Wiki iliyopita saa 8 usiku simu inaita, mama mmoja mteja wangu hapa Moshi, mbwa wake Malkia ana mimba, salamu yenyewe hakumaliza. "Dokta shikamoo, Malkia anachimba chini ya kitanda cha mlinzi, hatulii, anahema ka' katoka kukimbia." Nikamuuliza, mama, joto la jioni lilikuwa ngapi? Akanisomea kwenye karatasi: 38.4, 38.3, na jioni ile 37.1. Nikamwambia usilale, kufika kesho mchana una watoto hapo. Saa 12 na nusu asubuhi wa kwanza katoka.

Hiyo karatasi ndo nataka kila mwenye jike awe nayo. Wengi mnahesabu siku 63 toka siku ya kupandisha mnajua mmemaliza, kumbe mbegu za dume zinakaa hai ndani ya jike siku kadhaa zikisubiri mayai, kwa hiyo anaweza kuzaa siku ya 58 au ya 68 na zote ni kawaida. Toka siku ya 56 hivi pima joto asubuhi na jioni, themomita ya dijitali ya duka la dawa inatosha, paka mafuta ya mgando kwenye ncha, ingiza taratibu njia ya haja kubwa kama sentimita 2, subiri ilie. Homoni inayoshikilia mimba, projesteroni, ikishuka na joto linashuka karibu digrii moja, likiwa chini ya 37.5 mara nyingi uchungu unaanza ndani ya saa 24. Ila linakaa chini masaa machache tu afu linapanda tena, sasa ukipima leo ukaruka kesho unalikosa.

Maziwa usiyategemee, wengine yanatoka wiki nzima kabla, wengine mpaka anazaa ndo yanakuja. Chakula atakataa, anaweza kutapika, anatetemeka, anararua matambara, anajilamba nyuma, hiyo inaenda masaa 6 mpaka 12, uzazi wa kwanza hata 24. Tumbo bado halisukumi. Mwache pale penye giza na utulivu, na jamani msiite watoto wa jirani waje kutazama, jike akiogopa uchungu unasimama kabisa.

Sasa hapa naomba msome taratibu. Ukiona ute wa kijani iliyokolea na hakuna mtoto aliyetoka, maana yake kondo la nyuma limeshaachia na mtoto ndani anakosa hewa, mpigie daktari wa mifugo dakika hiyohiyo. Akisukuma kwa nguvu nusu saa bila kitu, au masaa 2 yakapita kati ya mtoto na mtoto na unajua wengine wamebaki, vilevile. Joto likishuka na siku nzima ikapita kimya, vilevile. Na oksitosini, sindano ya kuongeza uchungu, usimchome mwenyewe, nakuomba sana, mtoto akiwa amekwama ile sindano inapasua mfuko wa uzazi, nimeshafungua tumbo la jike wa hivyo na hatukumpata yeye wala watoto.

Malkia kazaa saba, wa mwisho saa 5 asubuhi. Mama kahesabu na makondo, saba, kaandika kwenye karatasi ileile chini ya 37.1.