Muhogo, dagaa na mitokondria: maswali ya kina mama wa Kibirizi

Juzi nilikuwa mwaloni Kibirizi hapa Kigoma, kina mama wanaanika dagaa, stori ikaanzia kwenye uchovu ikaishia kwenye seli, vile vichembe vidogo vinavyojenga mwili. Nimeona niyaandike maswali yao.

Mwanangu, nakula nashiba, mbona sina nguvu?

Mama, chakula ni kama noti ya elfu kumi halafu bodaboda anakudai buku, hana chenji. Ugali ukishasagika unakuwa glukosi, hiyo ndo noti kubwa, seli haiwezi kuitumia hivyohivyo mpaka ichenjiwe, na chenji yenyewe inaitwa ATP. Moyo kudunda, mkono kuvuta wavu, ubongo kukumbuka nani unamdai, vyote vinalipwa kwa ATP. Na haikai akiba, inatumika inatengenezwa tena saa hiyohiyo.

Nani anachenji?

Mitokondria, ni kama vijimashine vidogo vilivyo ndani ya seli. Glukosi moja bila oksijeni inatoa ATP 2 tu, ila ikipita kwenye mitokondria na oksijeni ipo zinatoka kama 30 hivi. Seli za moyo zimejaa mitokondria kwelikweli. Seli nyekundu za damu hazina hata moja, zenyewe kazi yao kubeba oksijeni, kwa hiyo damu ikipungua mzigo haufiki na unachoka hata kama umeshiba. Nenda kapime damu mama, hasa kama una mimba, usiseme ni uzee.

Eti tunazirithi kwa mama?

Ndio. Zina jeni zake 37, yaani maelekezo ya urithi, zinatoka kwenye yai la mama.

Sasa muhogo mchungu unaingiaje hapo?

Hapa naomba tusikilizane vizuri. Muhogo mchungu una kitu kinachotoa sumu inayoitwa sianidi, na sianidi ikiingia mwilini inaenda kuziba palepale mitokondria inapopokelea oksijeni. Yaani oksijeni imejaa kwenye damu lakini seli haiwezi kuitumia. Kichwa kinauma, kizunguzungu, mtoto anatapika, ikizidi anakufa. Tarime mwaka 1985 kulitokea konzo, miguu inapooza ghafla na haiponi, ni ugonjwa wa watu wanaokula muhogo mchungu ulioandaliwa harakaharaka na mboga ya protini hakuna. Kuchemsha tu haitoshi jamani. Menya, loweka siku tatu au nne mpaka ukiubonyeza unabonyea, kamua, anika juani ukauke kabisa ndo usage. Najua njaa haisubiri siku nne, lakini hizo siku ndizo zinazotoa sumu.

Na dagaa?

Dagaa wana protini yenye salfa, na mwili unatumia hiyo salfa kuibadilisha sianidi iwe kitu chenye sumu ndogo kinachotoka na mkojo. Kwa hiyo ugali wa muhogo na dagaa wazee wetu hawakukosea. Kinachoniuma ni kuona mama kaanika dagaa kutwa nzima, jioni gunia zima linapakiwa kwenye gari, watoto nyumbani wanakula ugali na chumvi. Toa japo bakuli moja kabla hujashona gunia.

Kisamvu je?

Nacho kina sianidi, tena majani mabichi yana nyingi. Twanga mpaka kilainike kabisa, chemsha sufuria ikiwa wazi ule mvuke utoke, mawese utie mwishoni.