Kimeng'enya BAP1 na saratani ya jicho: kwa nini daktari anatazama kiini cha seli

Ripoti ya kinyama kilichotolewa kwenye uvimbe wa jicho inasema "BAP1 haionekani kwenye kiini". Maana yake nini?

BAP1 ni kimeng'enya kinachobandua ubikwitini, alama ndogo ambayo seli huibandika kwenye protini zake. Kazi yake kubwa iko ndani ya kiini, kwenye DNA: husaidia kupanga jeni zipi zinyamaze na kukarabati DNA iliyokatika. Katika melanoma, yaani saratani ya seli zinazotengeneza rangi ya mwili, ya ndani ya jicho (si ile ya ngozi), viini visivyo na BAP1 ni ishara kwamba uvimbe una hatari kubwa zaidi ya kusambaa, hasa kwenye ini. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walichunguza uvimbe 31 wa kundi linalosambaa, wakakuta hitilafu ya jeni inayotengeneza BAP1 kwenye 26.

Lakini rangi ya kipimo, inayoonyesha ilipo BAP1, inaonekana pembeni ya kiini. Si bado kipo?

Kipo, ila hakifanyi kazi yake. Protini hutengenezwa nje ya kiini, kisha huingizwa kwa kufuata "anwani" iliyo karibu na mkia wake. Hitilafu ya jeni ikikata mkia, anwani inakwenda nayo, na kimeng'enya hubaki nje kwenye ute wa seli. Ndiyo maana ute wenye rangi na kiini kisicho nayo husomwa kuwa BAP1 imepotea.

Kipimo kinafanywaje, na kinaharibikia wapi?

Kinyama huhifadhiwa kwenye fomalini (dawa ya kuzuia kisioze) ya asilimia 10, hugandishwa kwenye nta, kisha hukatwa vipande vya maikromita 3 hadi 4. Kipande huchemshwa kwenye maji ya dawa ili protini zilizobanwa na fomalini zifunguke, huwekewa kingamwili inayoshika BAP1, halafu rangi.

Tatizo la jicho ni melanini, rangi ya asili ya seli zake. Rangi ya kawaida ya kipimo ni kahawia, na melanini nayo ni kahawia! Maabara makini hutumia rangi nyekundu, au huichujusha melanini kwanza.

Kosa la pili ni kubwa zaidi: kutangaza "imepotea" bila kutazama seli jirani. Limfositi (aina ya seli nyeupe za damu) na seli za mishipa ya damu kwenye slaidi hiyohiyo, yaani kioo chenye kipande, lazima viini vyake vishike rangi. Visiposhika, kipimo kimefeli, pengine kwa sababu fomalini ilichelewa, na hakuna la kusoma hapo. Kirudiwe.

Kiini kikiwa na BAP1, nimesalimika?

Hapana. Zipo hitilafu zinazoacha protini mahali pake lakini zikaua sehemu yake ya kazi, darubini haizioni. Sindano ya kuchukulia kinyama nayo inaweza kuchota upande mmoja wa uvimbe ikaacha mwingine. Ukubwa wa uvimbe na hali ya kromosomu ya 3, inakokaa jeni ya BAP1, huangaliwa pamoja na slaidi.

Maana ni hiyohiyo kwa saratani nyingine?

Wala. Kwenye saratani ya figo, kuipoteza BAP1 ni dalili mbaya. Kwenye mesothelioma ya utando wa mapafu, kipimo hutumika zaidi kuthibitisha kwamba ni saratani, si mwasho tu wa utando. Na wagonjwa waliozaliwa na hitilafu ya BAP1 kwa kawaida huishi muda mrefu kuliko wengine wenye mesothelioma. Usichukue ripoti ya jicho ukaisomea pafu.

Baada ya majibu hayo, nini kinafuata?

Tiba ya jicho lenyewe, mionzi au kuliondoa, haibadilishwi na kipimo hiki. Kinachobadilika ni ufuatiliaji: mwenye hatari kubwa hupigwa ultrasaundi au MRI ya ini, mara nyingi kila miezi 3 hadi 6. Vipimo vya damu vya ini peke yake havitoshi, maana vinaweza kuwa vizuri huku vivimbe vidogo vimeshaanza.

Mweleze daktari kama kwenu kuna aliyeugua melanoma, mesothelioma au saratani ya figo. Hitilafu ya kuzaliwa nayo ipo kwa wachache, lakini ikiwepo, kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuirithi, na ndugu wanaweza kupimwa kabla hawajaugua.