Hayo magari si ya wateja: dhana potofu kuhusu kuegesha kwenye viwanja vya watembea kwa miguu Dodoma

Kazi yangu ni kupanga usafiri na maegesho mijini, na wanaoniita mara nyingi ni wenye maduka na wenye majengo ya katikati ya Dodoma. Shida yao huwa ni ile ile. Mbele ya majengo yao kuna uwanja uliosakafiwa vizuri, ukawekewa mabenchi na miti ili watu wapite na kupumzika, na sasa umejaa magari. Wenye mamlaka wanataka magari yatoke, wao wanataka yabaki. Kabla sijavuta kiti naambiwa: "Mtaalamu, ukiondoa magari hapa umetufukuzia wateja."

Nimeisikia kauli hiyo hadi imenichosha. Naijibu kwa kirefu hapa, halafu nitagusia na nyingine zinazotembea nayo.

"Mteja asipoegesha mlangoni, haji"

Swali la kwanza ambalo wengi hawajajiuliza ni hili: yale magari ni ya nani? Mwenye duka akichungulia nje anaona maboneti yamepangana, anaamini anaona wateja. Mimi nachukua daftari na kuzunguka uwanja kila nusu saa, tangu maduka yanapofunguliwa hadi yanapofungwa, nikiandika namba ya kila gari na mahali liliposimama. Gari la mteja linaonekana kwenye mzunguko mmoja au miwili, kisha halipo tena. Gari linaloandikwa kila mzunguko kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni si la mteja. Hakuna anayechagua kitenge kwa muda wa saa tisa.

Kwa Dodoma hata daftari si lazima. Tazama vioo vya mbele. Jua letu ni kali, na mtu anayejua atashinda hapo hutandaza kipande cha boksi ndani ya kioo ili usukani usimchome jioni. Aliyepita kununua dawa na kuondoka hahangaiki na boksi. Pita saa nne asubuhi, hesabu maboksi, kisha uliza kwa adabu gari hili la nani na lile la nani. Utaambiwa hili la bosi wa duka la kona, lile la mhasibu wa ghorofa ya pili, lile jeupe la daktari wa meno, na lile la dada wa wakala wa pesa. Nafasi zilizo karibu kabisa na mlango, zile mwenye duka anazozipigania kwa jina la mteja, amezikalia yeye mwenyewe pamoja na wafanyakazi wake, kwa kuwa wao ndio wanaofika mapema kuliko wote. Mteja mwenye gari akija saa tano anakuta pamejaa, anazunguka mtaa mara mbili, anakata tamaa. Aliyemfukuza si mpangaji wa mji.

Sasa tufanye hesabu ya kibiashara. Nafasi moja ya gari ina upana wa mita 2.5 na urefu wa mita 5, yaani mita za mraba 12.5. Ikikaliwa na gari la mfanyakazi siku nzima, imeleta mtu mmoja, na huyo angekuja hata kwa bajaji maana ndiko kwenye kazi yake. Ziachie mita hizo hizo, uweke kivuli na benchi. Utapata watu wanaokaa, wanaosubiriana, wanaotazama dirisha lako kwa sababu hakuna Land Cruiser iliyolikinga. Mteja hanunui kitu ambacho hajakiona.

Halafu tuulizane wateja wenyewe wanafikaje. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179 katika Jiji la Dodoma. Wengi wao hawana gari. Wanashuka kwenye daladala, wanaletwa na boda au bajaji, wanatembea kutoka Majengo, Makole na Uhindini. Mama aliyekuja kwa miguu, akanunua sare za watoto watatu na kuondoka na mfuko, haachi alama yoyote mlangoni. Gari linaacha. Ndiyo maana mwenye duka analikumbuka gari na kumsahau mama.

Kosa hili la macho si la wafanyabiashara wa Dodoma peke yao. Huko Bristol, Uingereza, katika utafiti wa mwaka 2006, wenye maduka walikadiria kwamba asilimia 41 ya wateja wao huja kwa gari. Wateja walipoulizwa wenyewe, waliokuja kwa gari walikuwa asilimia 22. Na Copenhagen, mwaka 1962, mtaa wa maduka wa Strøget ulipofungwa kwa magari, wafanyabiashara walilalamika kwamba biashara itakufa, na kwamba wao ni Wadenmark, si Waitaliano wa kuzurura barabarani. Mtaa ule ni wa watembea kwa miguu mpaka leo na maduka yamejaa. Mbunifu Jan Gehl alitumia miaka mingi kuhesabu watu wanaotembea na kukaa katika mji ule, na kilichoonekana ni kwamba kila viwanja vilipoachwa na magari, watu walivijaza.

Najua jibu linalofuata: huko kwao baridi, kwetu jua. Sawa kabisa, na ndiyo maana nasisitiza kivuli kuliko kitu kingine chochote. Ukiacha uwanja wa zege mtupu saa saba mchana, hakuna atakayekaa, na mimi sitakulaumu. Panda miti, tandaza maturubai ikibidi, weka maji ya kunywa.

Wapo wateja ambao gari ni lazima kwao. Aliyenunua friji, mzee anayekwenda kliniki, mtu mwenye kiti cha magurudumu. Hao watengenezewe nafasi ukingoni mwa uwanja, upande wa barabara: mbili tatu za kupakia kwa dakika 15, na za wenye ulemavu karibu na mlango kuliko zote. Nikipendekeza hivyo, anayekataa mara nyingi ni mwenye duka, kwa sababu nafasi yenye kikomo cha dakika 15 haimfai yeye kuacha gari lake tangu asubuhi. Hapo ndipo ninapojua tulikuwa tunamtetea nani.

Usipoamini, fanya mwenyewe. Chagua Jumanne moja na Jumamosi moja, mpe kijana wako wa dukani daftari, aandike namba kila nusu saa. Na kila anayelipa, amuulize umefika hapa kwa usafiri gani. Ukimaliza niite tuzungumze.

"Pevingi ni zege, gari halina cha kuharibu"

Hili nalo linaniudhi, maana uharibifu uko miguuni petu na watu wanaukanyaga bila kuutazama. Vitofali vya pevingi vya njia ya miguu kwa kawaida ni vya milimita 60. Vya kupitisha magari huwa 80, na chini yake hujengwa tabaka nene la kokoto iliyoshindiliwa. Uwanja wa watu haujajengwa hivyo. Chini ya kitofali kuna mchanga mwembamba wa kulalia na msingi wa kubeba watu.

Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanywa Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha kwamba uharibifu unapanda kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, yaani uzito unaobebwa na mhimili mmoja wa magurudumu. Uzito ukiwa mara 2, uharibifu ni kama mara 16. Kwa hiyo pikipiki inayokatiza na V8 inayoegeshwa si makosa ya kiwango kimoja. Kinachoumiza zaidi ni dereva anayekata usukani gari likiwa limesimama: tairi linavisokota vitofali, mchanga wa kwenye maungio unatoka, kimoja kinainuka ukingo, cha jirani kinazama. Inama uangalie sehemu yoyote ambapo magari hugeuzia, utakuta vitofali vimekaa kama meno yaliyopishana, na katikati yake madoa meusi ya oili.

Kisha mvua. Dodoma inapata wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na zikija zinakuja kwa kishindo. Pale palipobonyea maji yanatuama, yanapenya, msingi unalainika, na gari linalofuata linamalizia.

Na miti! Mti Dodoma si kitu cha kuota chenyewe. Kampeni ya kuifanya Dodoma ya kijani ilizinduliwa 2017, na kila mche uliosimama mpaka leo mjini umenyweshwa kwa ndoo wakati wa kiangazi na mtu fulani. Gari likisimama juu ya mizizi, udongo unashindiliwa, hewa na maji havipiti. Mti haufi siku hiyo. Unaanza kukauka ncha msimu unaofuata, na aliyeegesha chini yake kufuata kivuli anahamia chini ya mwingine.

Nyingine, kwa ufupi

"Ni dakika tano tu, na nimewasha hazadi." Taa za hazadi zinawaambia madereva wenzako kuna dharura. Hazigeuzi uwanja kuwa maegesho. Na dakika tano za magari 30 yanayopokezana ni uwanja uliojaa mchana kutwa. Mtu asiyeona anayekuja mjini, na mkoa huu una wengi, tena una shule ya wasioona ya Buigiri pale Chamwino, hutembea kwa kukariri: hatua kadhaa toka ukingo, benchi, mti, mlango. Fimbo yake inagusa chini. Kioo cha pembeni cha gari kiko juu, kinamkuta tumboni, na cha lori kinamkuta usoni. Kwake hakuna tofauti kama utakaa dakika tano au siku nzima.

"Gari hili ni STK." Namba ya STK inaonyesha kwamba mwenye gari ni Serikali, haitoi ruhusa ya kuegesha. Zimamoto, gari la wagonjwa na polisi walio kwenye dharura wana sababu ya kuingia. Mheshimiwa anayenunua vocha hana. Dodoma ina magari mengi ya Serikali kuliko miji mingi ya nchi hii, na raia wanaiga wanachokiona.

"Lakini nimelipia ushuru." Ushuru ni malipo ya nafasi iliyochorwa kwa ajili ya gari. Risiti haichori nafasi mahali ambapo haipo.

"Magari yakiondoka machinga watavamia." Machinga wamejengewa soko lao la wazi hapa hapa mjini, na mpangilio wa biashara ndogo una taratibu zake. Kuweka magari kama uzio dhidi ya watu ni kuchagua tatizo moja ili usishughulike na jingine.

"Kutembea kwa miguu ni mambo ya Ulaya, mji mkuu lazima uwe wa magari." Huyu hajui mji wake. TANU iliamua mwaka 1973 makao makuu yahamie Dodoma, na mpango mkuu wa kwanza, uliotengenezwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, ukatoka 1976. Mpango ule uliweka mbele mtu anayetembea kwa miguu na basi la abiria, gari binafsi likaja nyuma yao. Aliyeingiza gari uwanjani ndiye aliyeleta jambo geni.

"Shida ni uhaba wa maegesho, jengeni ghorofa la magari." Kabla ya kumwaga zege, tumieni yaliyopo. Donald Shoup, profesa wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alifundisha kwa miaka mingi kwamba bei ya maegesho ya barabarani ipangwe ili kila mtaa ubaki na nafasi moja au mbili wazi muda wote. Karibu na mlango pawe ghali na kwa muda mfupi, mbali kidogo pawe rahisi na kwa siku nzima. Mfanyakazi atembee dakika saba kutoka gari lake, mteja akute nafasi.

Ushauri ninaourudia kila mahali: nguzo

Kibao cha "Usiegeshe hapa" hakijawahi kusimamisha gari Dodoma. Kamba inakatwa. Madramu ya maua yanasukumwa usiku na walinzi, kwa kuombwa. Mgambo akienda kula, magari yanarudi. Nasema hivi kwa kila mteja, na nitaendelea kusema: weka nguzo fupi za zege au chuma, zilizozikwa kwenye msingi wake, kuzunguka uwanja wote.

Nafasi kati ya nguzo na nguzo iwe mita 1.2. Kiti cha magurudumu kinapita, mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo mkononi anapita, bajaji yenye upana wa kama mita 1.3 haipiti, na gari halijaribu. Mafundi wengi wanaongeza nafasi ziwe mita 2 ili kuokoa nguzo chache, halafu wanashangaa kuona Vitz imeingia. Kila nguzo ipakwe rangi ya kung'aa juu, ifike kiunoni, la sivyo mtu anajikwaa usiku. Bodaboda zitapita, hilo siwezi kulificha. Hizo zitengewe kijiwe chao nje ya nguzo, penye kivuli, wakishirikishwa viongozi wao tangu siku ya kwanza, maana dereva wa boda hupenda kukaa abiria anapomwona.

Upande mmoja weka nguzo mbili za kung'olewa, zenye kufuli, kwa ajili ya zimamoto, gari la wagonjwa na magari ya mizigo. Ufunguo mmoja ukae na zimamoto, mwingine kwa msimamizi wa uwanja, na yeye awajibike kwa maandishi. Mizigo iingie kabla ya saa tatu asubuhi. Ikipita saa hiyo, lori lisimame kwenye nafasi ya kupakia barabarani, na vijana wa mkokoteni wabebe kutoka hapo hadi dukani.