Koa wa Mbudya bado hana jina

Wavuvi wa Kunduchi wananiita Mama Konokono, nami nimeshachoka kuwasahihisha. Ninaowatafuta ni koa wa baharini, ndugu zake konokono waliokwisha kulitupa gamba. Maji ya bamvua yakipwa, mnamo saa nne asubuhi, nashuka kwenye miamba ya kisiwa cha Mbudya, karibu na Dar es Salaam, na kibali changu (pale ni hifadhi), nageuza mawe na kuyarudisha yalivyokuwa.

Siku moja nikamwona mmoja, hafiki ukucha wa kidole gumba: mweupe, ukingo wa manjano, madoa ya zambarau. Vitabuni hayumo. Nikamwambia nahodha, "Huyu hana jina!" Akajibu, "Si umpe basi, twende, upepo unageuka."

Lakini rangi hudanganya. Koa wengi hula sifongo, wakajiwekea sumu yake mwilini, na rangi kali ni onyo kwa samaki. Spishi mbalimbali huvaa onyo lilelile, kama daladala za njia moja. Tena ukimtia kwenye spiriti rangi yote inatoka, anabaki kama kipande cha muhogo uliochemshwa. Kwa hiyo nampiga picha angali hai.

Ushahidi wenyewe uko mdomoni. Nayeyusha nyama kwa kostiki soda hadi ibaki radula, ule utepe wa meno, kisha kwenye hadubini nahesabu safu na kutazama kama kila jino lina vijino pembeni. Nafuata viungo vya uzazi, kazi ya kukesha, maana kila koa ni dume na jike kwa pamoja. Halafu DNA. Hapo niliboronga: yule wa kwanza nilimtia formalini, nayo huiharibu DNA. Nikasubiri bamvua baada ya bamvua kumpata mwenzake. Siku hizi kipande cha mguu huingia kwanza kwenye ethanoli.

Kuna na wazee wa kuulizwa. Charles Eliot, kamishna wa Uingereza wa Afrika Mashariki (Kenya ya leo) hadi 1904, alieleza koa wengi wa Zanzibar na pwani yetu, wengine wakiwa wamekusanywa na Cyril Crossland. Muda aliutoa wapi, sijui! Kwa kanuni za majina ya wanyama, jina lililochapishwa kwanza, kuanzia 1758, ndilo linalosimama. Usipomsoma Eliot utambatiza aliyekwisha kubatizwa.

Nahodha kila tukionana anauliza kama mtoto amepata jina. Kwenye chupa nimeandika "sp. 3", yaani spishi ya tatu isiyo na jina, kwa penseli, maana wino huyeyuka kwenye spiriti.