Je, wajua kwa nini Hispania chakula cha jioni huliwa saa 3 usiku?

Tulifika Sevilla mwishoni mwa Juni, tukiwa na siku mbili tu za kukaa mjini. Ilipogonga saa 1 jioni njaa ikatutoa hotelini. Mgahawa wa kwanza ulikuwa wazi na meza zimetandikwa, lakini mhudumu alitikisa kichwa: jiko linaanza saa 2 na nusu. Wa pili, jibu lile lile. Tukarudi chumbani tukala biskuti za safari. Saa 4, tulipokuwa tunajifunika shuka, barabara chini ya dirisha letu ilikuwa imejaa familia nzima nzima, watoto na bibi zao, sahani zinagongana.

Nilidhani ni tabia ya watu kupenda kukesha. Kumbe sehemu kubwa ya jibu iko kwenye saa ya ukutani.

Ule mstari wa Greenwich unaotumika kupanga saa za dunia hukata upande wa mashariki wa Hispania, karibu na mji wa Castellón. Karibu nchi yote iko magharibi yake. Kwa jua, Hispania ingeenda sawa na London na Lisbon. Lakini Machi 1940 serikali ya Jenerali Franco iliamuru saa zisogezwe mbele kwa saa moja, zikalingana na za Berlin. Amri yenyewe ilisema tarehe ya kurudisha saa ya kawaida ingetangazwa baadaye. Vita vya Pili vya Dunia viliisha, miaka ikapita, na Hispania bara bado iko kwenye saa ya Berlin mpaka leo. Majira ya joto huongezwa saa nyingine moja, kama ilivyo sehemu kubwa ya Ulaya.

Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tunalielewa jambo hili upesi kuliko wengi, kwa sababu saa yetu huanzia kwenye jua: likichomoza tunaanza kuhesabu, likifika utosini ni saa 6. Sasa, Sevilla mwezi Juni jua hufika utosini karibu saa 8 na nusu. Kwa hiyo Mhispania anayekula cha mchana saa 8 na nusu anakula adhuhuri kamili. Na ile saa 3 ya usiku, kwa jua, ni kama saa 12 na nusu jioni. Jua lenyewe huzama karibu saa 4. Tulipogonga mlango wa mgahawa ule, kwa jua ilikuwa alasiri.

Hata neno siesta, ule usingizi wa mchana, linatokana na Kilatini, hora sexta, yaani saa ya sita. Warumi nao walihesabu kuanzia macheo. Siesta ni saa sita mchana, vile vile tunavyosema sisi.

Lakini saa ya ukutani haielezi yote. Desemba jua la Sevilla huzama saa 12 na dakika chache, na bado watu hula saa 3. Hapo kazi ndiyo inayoamua: mapumziko ya mchana ni marefu, maduka mengi madogo hufungwa, kisha watu hurudi kazini mpaka saa 1 au saa 2. Mlo mkubwa wa siku ni ule wa mchana, na wa usiku ni mwepesi.

Kwa mgeni wa siku mbili, naona heri kufuata mwendo wao. Siku ya pili tulichelewa makusudi kifungua kinywa cha hoteli. Saa 8 tukaagiza menú del día, mlo wa bei moja wenye sahani mbili, mkate, kinywaji na kitu kitamu. Ndio ulaji wa nafuu kuliko wote. Kisha tukashusha persiana, lile pazia gumu la nje ya dirisha linalogeuza chumba kuwa giza totoro, tukalala.

Usiku tulikwenda El Rinconcillo, baa iliyofunguliwa mwaka 1670. Tuliagiza mchicha wa Kihispania uliopikwa na dengu na bizari nyembamba, na harufu yake ilinirudisha jikoni kwetu. (Asiyekula nguruwe aulize kwanza kila sahani, maana huko nyama hiyo hutiwa hata kwenye mboga.) Tulikula tumesimama, na kila tulichoagiza mhudumu alikiandika kwa chaki juu ya mbao za kaunta, mbele ya sahani zetu. Tulipolipa alipitisha kitambaa kibichi, hesabu yetu ikafutika, na familia yenye mtoto mchanga ikasogea pale tulipokuwa. Ilikuwa saa 5 kasorobo.