Doa la lami kwenye kioo cha pikipiki: weka msasa chini, chukua mafuta ya kula

Tunakiita kioo, na jina hilo limeharibu vioo vingi kuliko mawe ya barabarani. Mtu akisikia kioo, mkono unakwenda wenyewe kwenye mazoea ya dirisha la nyumbani: gazeti la jana, dawa ya kupuliza, na doa likigoma, wembe. Lakini kile kinachokukinga upepo kifuani ukiwa juu ya pikipiki kubwa ni plastiki. Mara nyingi ni polikaboneti, au akriliki. Polikaboneti haipasuki kirahisi hata ikigongwa na jiwe, ila ngozi yake ni laini, ndiyo maana viwandani huipaka tabaka jembamba gumu juu. Akriliki ina ngozi ngumu kidogo kuliko polikaboneti isiyopakwa, lakini ikigongwa vibaya inavunjika. Chungulia pembeni chini, karibu na bolti. Vingine vimegongwa muhuri wa PC au PMMA. PC ni polikaboneti, PMMA ni akriliki.

Kazi yangu ni kusafisha na kung'arisha pikipiki za safari ndefu hapa Arusha. Wateja wangu wengi wametoka Dar, zaidi ya kilomita 600, au wameingia kupitia Namanga. Safari ya namna hiyo haikosi kipande kinachotengenezwa, na mtu anafika kwangu kioo kimenyunyiziwa vidoti vyeusi kama pilipili manga. Wanaofika hivyo nawapenda. Wanaonipa kazi ngumu ni wale waliokwisha kujisaidia njiani.

Kwanza ujue doa lenyewe limetoka wapi. Kabla ya kuweka tabaka la juu, wajenzi humwagia kifusi kilichoshindiliwa lami nyepesi iliyochanganywa na mafuta ya taa ili inywe chini. Mojawapo huitwa MC-30. Mahali pengine hutumia lami ya maji, yaani matone madogo sana ya lami yanayoelea ndani ya maji. Hii ya pili ina tabia yake: ikiwa mbichi ni ya kahawia, kisha maji yanajitenga nayo inageuka nyeusi. Ukiiwahi ikiwa bado kahawia, maji na sabuni vinaitoa, tena simama hapohapo kando ya barabara uioshe kwa chupa yako ya maji ya kunywa. Ukisubiri hadi jioni hotelini, umechelewa. Halafu kuna ile lami ya moto inayopuliziwa na kumwagiwa kokoto juu. Hiyo ndiyo matairi ya lori hukurushia usoni.

Sasa sikiliza jambo ambalo nililijua baada ya kuazima lenzi ya fundi saa. Nililitazama doa moja kwa karibu, nikaona limejaa chembe za mchanga na unga wa kokoto. Kila doa ni kipande kidogo cha barabara, na barabara haijengwi kwa lami tupu. Lami yenyewe ni laini, haijawahi kumkwaruza mtu. Anayekwaruza ni mchanga aliyejificha ndani yake. Chembe nyingi za mchanga ni kwatzi, ambayo katika kipimo cha ugumu cha Mohs ina 7, wakati kioo halisi cha dirisha kiko kwenye 5.5 hivi. Kama mchanga unaweza kukichora kioo halisi, plastiki yako itaomba msamaha. Unaposugua doa kwa duara ukidhani unalifuta, umeshika msasa. Asubuhi hutaona kitu. Usiku, taa za gari linalokuja zikipiga pale, utaona mng'ao wa duara nyingi za nywelenywele, na barabara imepotea.

Kwa hiyo mimi sifuti doa. Nalilainisha, kisha nalinyanyua.

Pikipiki iingie kivulini, kioo kipoe. Mwagia maji mengi taratibu, halafu laza juu yake taulo lililolowa chapachapa, uliache dakika 20. Vumbi na wadudu waliokauka watajiachia wenyewe. Vua pete. Osha kwa kiganja na sabuni ya maji, si ya unga: ile ya unga ina chembe ambazo hazijayeyuka, na ukali wake wa magadi haupatani na polikaboneti. Maji yawe ya uvuguvugu. Lami ya kawaida ya barabarani, ile ya daraja la 60/70, huanza kulegea kwenye nyuzi 49 hadi 56 za Selsiasi, kwa hiyo maji ambayo mkono unayavumilia hayataiyeyusha, ila yataipunguzia kiburi.

Baada ya hapo nachukua mafuta ya kula. Ndiyo, ya alizeti, ya nazi pia yanafaa. Lami ni jamaa ya mafuta, ndiyo maana maji hayaiwezi na mafuta yanaiingia. Vipande vidogo vya pamba navilowesha, nabandika kimoja kwenye kila doa, nakaa. Dakika 10, wakati mwingine 15. Wateja hapa ndipo wanapoanza kunitazama kwa mashaka, kwa sababu fundi ameketi anakunywa chai na pikipiki imevaa pamba kama mgonjwa wa ndui. Pamba ikianza kugeuka kahawia, kazi inafanyika. Naibana kwa vidole viwili, naizungusha kidogo na kuivuta juu, naitupa. Doa linalofuata linapata pamba yake mpya. Ukitumia ileile, umebeba mchanga wa doa la kwanza kwenda kuchora mahali palipokuwa pasafi. Doa nene linataka mizunguko mitatu, minne. Mpe.

Yakibaki makaidi, natumia mafuta ya taa safi, yaleyale ambayo mjenzi alilainishia lami yake. Najaribu kwanza kwenye kona iliyofichwa na bano, nasubiri, naangalia kama pamefifia. Pakiwa salama, matone mawili kwenye pamba, dakika moja juu ya doa, nanyanyua, na papo hapo naosha kwa sabuni. Hayakai. Kama kijitabu cha kioo chako kinakataza, fuata kijitabu.

Petroli je? Nitakwambia kilichonipata mwaka wangu wa kwanza, gereji niliyokuwa nafanyia kazi kabla sijajitegemea. Madoa yalikuwa mengi, mteja ana haraka, tambara la petroli lilikuwa karibu. Yalitoka kwa mpigo mmoja, kioo kikang'aa, nikapewa na bakshishi. Kesho yake yule bwana alirudi bila kusema neno, akanionyesha tu kwa kidole: kuzunguka bolti zote nne kulikuwa na mistari midogo kama utando wa buibui, imezama ndani ya plastiki. Kioo kilichokunjwa na kufungwa kwa bolti kina mkazo muda wote pale penye matundu. Petroli ina toluini na benzini ndani yake. Zikipenya penye mkazo, plastiki inachanika ndani kwa ndani. Hakuna kung'arisha kunakorudisha hilo. Bakshishi niliirudisha, na mshahara wa mwezi ule ulikwenda na kioo kipya.

Thina, asetoni na dawa ya kusafishia breki ziko kundi hilohilo. Dawa ya madirisha yenye amonia haiui siku moja, ila inaila polikaboneti polepole. Na dawa ya meno, ambayo kila mtu mtandaoni anaisifu kwa taa za gari, ni msasa wenye harufu ya mnanaa: itaondoa doa pamoja na lile tabaka gumu la juu.

Lami ikishatoka, osha tena kwa sabuni mara mbili, maana utando wa mafuta ukibaki taa za usiku zitatawanyika vilevile. Kausha kwa kitambaa cha maikrofaiba au fulana ya zamani ya pamba, kwa kugusagusa. Karatasi za tishu waachie wenye mafua. Zina nyuzi za mti. Kioo kikikauka paka nta inayofaa plastiki, ili lami ya safari ijayo ikae juu ya nta badala ya kushika kioo chenyewe. Na lori lililo mbele yako kwenye kokoto mbichi, liache liende.

Wiki iliyopita nilimkabidhi mteja pikipiki yake ikiwa na doa moja nililoliacha makusudi, chini kabisa, ubavuni mwa bolti ya kushoto. Akaniuliza kama nimesahau. Nikamwonyesha ule ufa mwembamba uliokuwa umeanzia kwenye tundu kabla hajaniletea. Mafuta ya taa pale yangeumalizia, na doa lenyewe liko usawa wa goti lake. Alilitazama, akavaa kofia yake ngumu, akaondoka nalo.