"Mama hapendi watu siku hizi" na mengine niliyochoka kuyasikia

Wiki iliyopita nimeisikia tena. Mimi ni mtu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, nusu ya kazi yangu nawafuata wazee majumbani kwao, na mtoto wa mgonjwa akinisindikiza mlangoni ananiambia kwa sauti ya chini kabisa: "Mama hapendi watu siku hizi, tumejaribu kumtoa amekataa, basi tumemuacha na amani yake." Swali langu huwa moja tu. Akiwa na miaka 40 alikuwa hapendi watu? Kimya. Yaani mama aliyekuwa hakosi shughuli hata moja, anacheka mpaka majirani wanasikia, leo eti hapendi watu.

Wapo wapole wa kuzaliwa, sikatai. Ila wengi ninaowaona hawajachoka watu, kuna kitu kinawazuia na wanaona aibu kukitaja, hasa kwa mtoto waliyemzaa.

Mara nyingi ni sikio. Usikivu wa uzeeni unaanza kupotea kwenye sauti nyembamba, zile za s, f, t, kwa hiyo anasikia kwamba unaongea ila hapati unasema nini, na akikaa na watu kumi wanaoongea kwa pamoja anapata mvumo tu. Anacheka wenzake wakicheka. Siku moja anajibu sivyo, watu wanacheka kweli, na wiki inayofuata miguu inamuuma hawezi kwenda. Na kuna wengine wala sio uziwi, ni nta imejaa, kliniki wanaitoa muda mfupi tu (sio kwa kijiti cha pamba jamani, kijiti kinaisukuma ndani zaidi, hili nimelisema mpaka mate yamenikauka). Kama usikivu ndo umeshapungua, acha kumpeleka kwenye ukumbi wenye kelele, mtafutie watu watatu wanne na kitu cha kufanya kwa mikono, kama drafti, karata au kufuma, maana mikono ikiwa na kazi hakuna anayeona ajabu mtu akikaa kimya.

Halafu mkojo. Hapa watoto ndo wanashtuka. Mzee anapanga siku yake nzima kufuatana na choo kiko wapi, wewe unakuja na mpango wa kikundi saa nne asubuhi wakati saa mbili amemeza dawa ya presha ya kukojosha, unategemea aseme ndio? Muulizeni daktari kama siku za kutoka dawa hiyo inaweza kusogezwa muda, msiibadilishe wenyewe. Na asijinyime maji, mkojo ukiwa mkali unakera kibofu na anakwenda choo vile vile, juu yake anapata kizunguzungu. Kabla hujasema twende, ujue choo cha huko kikoje.

Na kuanguka. Akishaanguka mara moja, hata bila kuvunjika, anaanza kutembea kidogo, misuli inalegea, ndo anazidi kuwa kwenye hatari ya kuanguka tena. Dawa yangu ni kiti, kazini wananitania sina lingine. Kiti imara kiegemee ukuta, anyanyuke na kukaa mara 5, apumzike, mara 5 tena, na mtu awe karibu yake. Huyo mtu awe jirani, wafanye pamoja siku zile zile kila wiki. Tayari hiyo ni shughuli ya kijamii na hakuna aliyelipa kitu.

Sasa mwaliko wenyewe. "Mama, si uwe unatoka toka kidogo?" Hiyo ni lawama, sio mwaliko. Sema "Jumanne saa kumi nakupitia, tunaenda kucheza karata na jirani, saa kumi na moja nakurudisha". Mzee akijua anarudije nyumbani, nusu ya ubishi unaisha. Akikataa, Jumanne ijayo pita tena, wala usinune.

Haya, mengine nayapitia haraka.

"Hatuna hela ya klabu." Maktaba, kwaya, bustani ya pamoja, kutembea na wenzake wawili, hivyo mara nyingi ni bure au karibu na bure. Kinachoua shughuli za bure ni nauli. Kwa hiyo anza na kinachofikika kwa miguu yake, hata kama ni kidogo na hakivutii, kuliko kizuri cha mbali atakachokwenda mara mbili. Na kiwe na watu wachache, ili asipokuja mtu aulize yuko wapi.

"Hayo ni ya starehe, kwanza dawa." Mwaka 2010 watafiti walijumlisha tafiti 148 zenye watu zaidi ya 300,000, wakakuta wenye mahusiano ya karibu na watu walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuendelea kuishi, kwa kama asilimia 50. Na tume ya jarida la Lancet mwaka 2024 iliorodhesha mambo 14 yanayochangia kupoteza kumbukumbu na ambayo yanaweza kurekebishwa, kutengwa na watu kumo, na usikivu kupungua kumo. Kwa hiyo kutengwa kuko kundi moja na presha yake mnayoipima kila siku.

"Nampigia kila siku." Unampigia kuuliza umekula, umemeza dawa, umefunga mlango. Huo ni ukaguzi. Siku moja moja mpigie umuombe ushauri wa kitu usichokijua kweli, uone kama hatakuwa wa mwisho kukata simu.

"Apumzike, amefanya kazi vya kutosha." Hii ya heshima ndo inawamaliza taratibu. Zimbabwe kuna mpango ulioanza 2006 wa daktari Dixon Chibanda, mabibi wanafundishwa kusikiliza watu wenye msongo wa mawazo, wanakaa nao kwenye benchi, na utafiti uliotoka 2016 ulionyesha waliosikilizwa walipata nafuu. Hao ni mabibi wa kuhudumia watu, sio wa kuhudumiwa. Mzee wako naye atafutiwe anachoweza kutoa, awasomee watoto hadithi, amfundishe mtu kushona, atunze funguo za kikundi. Aliyeshika funguo hawezi kusema leo sijisikii.

"TV inamchangamsha." Mnayemkuta amesinzia mbele yake?

Na "tumemletea mbwa wa kumpa kampani". Paka sawa. Mbwa mwenye nguvu anayevuta kamba, na bibi wa miaka 78 mwenye nyonga mbovu upande wa pili wa hiyo kamba, namba yangu mnayo.